Sayansi na Ujima: Namna Maeneo ya Kilimo ya Afrika Mashariki Yanavyoweza Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi

Tabianchi ni mwenendo wa joto, mvua na upepo wa mahali fulani unaopimwa kwa miongo, na hutofautiana na hali ya hewa, ambayo ni ile inayoshuhudiwa leo au wiki hii. Hatua za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi hugawanywa katika makundi mawili: kupunguza, yaani kuzuia gesijoto zinazoipasha dunia joto zisiongezeke angani, na kuhimili, yaani kurekebisha uzalishaji, makazi na taratibu za jamii ili madhara ambayo hayakwepeki yasivunje maisha ya watu. Bara la Afrika huchangia takriban asilimia 4 tu ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, na kwa hiyo mkulima wa Kondoa, Kitui au Shinyanga hana uwezo mkubwa juu ya kundi la kwanza, ilhali kundi la pili linambishia hodi kila msimu wa kupanda unapokaribia.

Uchambuzi huu unahusu kundi hilo la pili, na unauliza ni mazingira gani yanayowezesha eneo la kilimo kuhimili na yapi yanayolikwamisha licha ya fedha na utaalamu mwingi kumiminwa. Historia ya Tanzania na Kenya kwa karibu karne moja inatoa jibu lililo wazi kiasi cha kutosha: maarifa ya kisayansi huzaa matunda pale yanapoingia katika taratibu ambazo wenyeji wanazimiliki na kuziheshimu, na hukataliwa yanapoletwa kwa amri, hata yawe sahihi kiasi gani. Upande wa pili wa jibu hilo una uzito uleule, kwa kuwa ushirikiano wa wenyeji usiopata msaada wa sayansi hautoshi tena katika zama ambazo mvua na joto vinatoka nje ya mipaka ya yale ambayo wazee wanayakumbuka.

Msimu uliobadilika

Sehemu kubwa ya mashamba ya Afrika Mashariki hutegemea mvua, na umwagiliaji bado umefikia eneo dogo sana. Pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu nyingi za Kenya hupata misimu miwili, yaani masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, wakati Dodoma, Singida na nyanda za juu za kusini hupata msimu mmoja unaoanza karibu na Novemba na kwisha karibu na Aprili. Katika Dodoma jumla ya mvua ya mwaka ni kati ya milimita 500 na 600, kiasi ambacho kinaweza kukomaza mtama au uwele bila shida kikitawanyika vizuri, lakini kiasi hichohicho kikishuka kwa dhoruba chache na kufuatwa na majuma ya jua kali huondoka na udongo na kuacha mimea ikinyauka. Ndiyo maana mkulima huuliza zaidi lini mvua itaanza, itakatika kwa muda gani katikati ya msimu na itakoma lini, kuliko anavyouliza kuhusu jumla yake.

Chanzo kikubwa cha kupishana kwa misimu hii kiko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi yaliyo upande wa Afrika Mashariki yanapokuwa na joto kuliko kawaida, na yale yaliyo upande wa Indonesia yakawa baridi zaidi, hewa yenye unyevu husukumwa kuelekea pwani ya Afrika na vuli huwa kubwa mno. Tofauti hiyo ya joto, ambayo wataalamu huiita Dipoli ya Bahari ya Hindi, ilijitokeza kwa nguvu mwaka 1997 pamoja na El Niño, na tena mwaka 2019. Hali ikigeuka, vuli hukauka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano mfululizo ilipungukiwa na mvua katika mashariki na kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia, ukame ambao haukuwa umeonekana kwa miaka 40, na kabla watu hawajajijenga upya, vuli ya mwaka 2023 ikaleta mafuriko katika maeneo yaleyale.

Jambo lililobainishwa na watafiti waliochunguza ukame huo linastahili kutiliwa maanani na kila anayepanga mipango ya kilimo. Walihitimisha kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame wa kilimo wa aina hiyo kwa takriban mara 100, na kwamba sababu kuu ilikuwa joto, kwa kuwa hewa yenye joto hunyonya maji ya udongo na ya majani kwa kasi zaidi, hivyo upungufu wa mvua ambao zamani ungevumilika sasa unageuka kuwa njaa. Joto lina madhara yake hata pale ambapo mvua ipo. Uchambuzi wa majaribio zaidi ya 20,000 ya mahindi barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kila nyuzi moja inayozidi 30 za Selsiasi kwa muda wa siku nzima hupunguza mavuno kwa asilimia 1 katika shamba lenye maji ya kutosha, na kwa asilimia 1.7 katika shamba lenye ukame.

Kuna pia fumbo ambalo sayansi haijalitatua kikamilifu, nalo ni kwamba masika ya Afrika Mashariki yalielekea kupungua kuanzia miaka ya 1980, ilhali modeli nyingi za kompyuta zinazotumika kukisia tabianchi ya baadaye huonyesha kuwa mvua za eneo hili zitaongezeka. Mpango wa busara kwa hiyo hauwezi kujengwa juu ya utabiri mmoja wa miaka 30 ijayo. Unapaswa kuiandaa jamii kwa ukame na kwa mafuriko kwa pamoja, na maandalizi ya namna hiyo hayawezi kukamilishwa na mkulima mmoja mmoja ndani ya mipaka ya shamba lake.

Fundisho la amri

Fikra ya kuwasaidia wakulima kwa sayansi si ngeni katika eneo hili. Serikali za kikoloni za miaka ya 1930 hadi 1950 ziliamini kwamba mmomonyoko wa udongo ulisababishwa na ujinga wa wenyeji na wingi wa mifugo yao, na zikatoa amri. Mwaka 1938 Wakamba wa Kenya walipolazimishwa kupunguza ng'ombe wao, maelfu walikwenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu kupinga, na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 1955 watu wa milima ya Uluguru walizusha ghasia dhidi ya mpango uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyowachosha na ambayo mahali pengi iliupandisha juu udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Waluguru walikuwa wamegundua kasoro ya kitaalamu ambayo wataalamu wenyewe hawakuiona, lakini mpango haukuwa na nafasi yoyote ya kuwasikiliza.

Uhuru haukuiondoa mara moja tabia hiyo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika vilima vya Kondoa Irangi, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 lililokuwa limechimbwa na makorongo. Kwa kipimo cha mimea mradi ulifaulu, kwa kuwa nyasi na miti vilirudi na makorongo yakaanza kutulia, lakini kaya zilipoteza maziwa, samadi na akiba yao ya siku mbaya, mifugo mingi ilihamia maeneo jirani na kupeleka shinikizo huko, na ulinzi wa hifadhi ukategemea askari na faini kwa miaka mingi. Baadaye ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa ulipoingizwa, wakulima walianza kupata sababu yao wenyewe ya kuyatunza majani. Ardhi iliponywa kwa gharama ambayo jamii haikuwa imeulizwa kama iko tayari kuilipa, na hilo ndilo lililoufanya ufanisi wa Kondoa uwe mgumu kuigwa kwingine.

Shinyanga na kurudi kwa ngitili

Mfano unaofundisha zaidi unatoka Shinyanga, mkoa ambao katika miaka ya 1980 ulikuwa ukitajwa kuwa jangwa la Tanzania. Misitu yake ya miombo na migunga ilikatwa kwa miongo kadhaa, kwanza katika kampeni za kutokomeza mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na tumbaku na kwa ajili ya kuni, na operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka katika ardhi walizozitunza na kuvunja taratibu walizozitumia kuzitunza. Mwalimu Julius Nyerere alizuru mkoa huo mwaka 1984, na hali aliyoikuta ilichangia kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986.

Mwanzoni HASHI ilifanya kile ambacho miradi mingi hufanya, yaani kuanzisha vitalu na kugawa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, kwa matokeo ya wastani. Mabadiliko yalikuja wataalamu walipouchunguza kwa makini utaratibu wa Wasukuma uitwao ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza ili majani yakue bila kuliwa, na kufunguliwa wakati wa kiangazi kikali ambapo malisho mengine yamekwisha. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji kizima. Watafiti wa misitu walibaini kwamba visiki na mbegu zilizolala ardhini katika maeneo hayo zilikuwa bado hai, na kwamba eneo likifungwa tu, miti ya asili ingechipua yenyewe kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na upandaji wa miche. Mchango wa sayansi hapa ulikuwa kuthibitisha, kupima na kuboresha: ni miti gani irutubishe udongo, ni lini eneo lifunguliwe na kwa mifugo mingapi, na ni mimea gani ya malisho iongezwe.

Usimamizi ulibaki mikononi mwa wanakijiji. Dagashida, ambalo ni baraza la kimila la Wasukuma, lilikubaliana juu ya mipaka na faini, sungusungu, yaani walinzi wa jadi, walilinda, na serikali za vijiji zikaandika makubaliano hayo kuwa sheria ndogo, hivyo mila na sheria ya nchi zikasimama pamoja. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu, lakini mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004 eneo lililorejeshwa lilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Kaya zilipata majani ya kiangazi, kuni za karibu, asali, dawa, nguzo za kujengea na matunda ya porini, na mambo hayo yote ni kinga dhidi ya ukame, kwa sababu familia yenye kitu cha kuuza au kulisha mifugo mahindi yanapokauka hailazimiki kuuza ng'ombe wa kulimia. HASHI haikuwa imebuniwa kama mradi wa tabianchi, na neno hilo halikuwa midomoni mwa watu wakati huo, lakini ilitoa moja ya matokeo makubwa zaidi ya kuhimili yaliyowahi kuonekana katika ukanda huu.

Kuyatuliza maji

Sharti jingine la kuhimili ni kuyazuia maji machache yanayoshuka yasikimbie. Ukambani, kule kulikokataa amri ya mwaka 1938, ndiko kulikogeuka kuwa mfano. Wilaya ya zamani ya Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000 katika miaka ya 1930 na takriban 1,400,000 kufikia mwisho wa miaka ya 1980, lakini mmomonyoko wa udongo ulipungua na mavuno kwa kila mtu yakaongezeka, kwa sababu wakulima, wengi wao wanawake, walijenga matuta kwa hiari kupitia vikundi vya kazi za pamoja viitwavyo mwethya. Mbinu waliyoipendelea ni fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa kukingama mteremko na udongo wake hutupwa upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita tuta hujigeuza kuwa ngazi inayohifadhi maji. Walikuwa na sababu za kuwekeza jasho lao: umiliki wa ardhi ulikuwa na uhakika, soko la Nairobi lilikuwa karibu, na kahawa, matunda na mboga vililipa.

Ukambani pia kumeenea mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta za zege zinazojengwa kukatiza mito ya msimu mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji huhifadhiwa katika nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi na mbu hawazaliani. Mhandisi hupima mwamba na kukokotoa urefu wa ukuta, na kikundi hubeba mawe, huchimba na baadaye hulinda mto dhidi ya wachota mchanga; upande mmoja ukikosekana, bwawa hupasuka au huibwa mchanga wake.

Milima ya Tanzania ina urithi wake wa namna hiyo. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki kwenye miteremko mikali, yanayozuia udongo na kuozesha majani kuwa mbolea, na Wapare wa Same wana ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku ili yagawanywe mashambani mchana kwa zamu na kutunzwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji. Mifumo hii hubeba hekima ya vizazi vingi, lakini ilisanifiwa kwa vijito vya zamani. Mvua ya siku moja inapozidi kile ambacho tuta la ndiva lilijengewa kukihimili, au kijito kinapokauka mwezi mmoja kabla ya kawaida, zamu za wazee pekee hazitoshi, na hapo ndipo vipimo vya mtiririko wa maji, usanifu mpya wa njia za kupitishia maji ya ziada na hesabu mpya za mgawo vinapohitajika.

Utabiri unaoaminika

Tangu mwaka 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu kutoa mwelekeo wa pamoja wa mvua, kazi inayoratibiwa na kituo cha tabianchi cha ICPAC kilicho chini ya jumuiya ya kikanda ya IGAD, kisha taasisi za kitaifa kama Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huufafanua kwa ajili ya kila kanda. Mwelekeo huo hutolewa kwa lugha ya uwezekano, yaani nafasi ya mvua kuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Vuli hutabirika vizuri zaidi kwa kuwa inafuata joto la bahari, ilhali masika hutegemea pia mawimbi ya hewa ya muda mfupi ambayo hayaonekani miezi miwili kabla.

Mkulima anayesikia kwamba kuna uwezekano wa asilimia 45 wa mvua chini ya wastani, kisha mvua ikanyesha vizuri, huona kuwa amedanganywa, na msimu unaofuata hatasikiliza. Tatizo hili ni la uaminifu na maelezo zaidi kuliko la mitambo, na njia bora ya kulitatua iliyojaribiwa inatoka Bunyore, magharibi mwa Kenya, ambako ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kutabiri mvua kwa kuangalia miti, ndege na wadudu wa msitu wao mtakatifu. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wazee wa Nganyi walianza kukaa pamoja kabla ya msimu, kila upande ukiwa na utabiri wake, na kutoa tamko la pamoja linaloeleza pia ni mazao gani yapandwe. Wazee walileta imani ya watu na ujuzi wa mabonde yao madogo ambayo vituo vya kupimia mvua havikuyafikia, na wataalamu walileta habari za bahari ambazo hakuna mti wa Bunyore unaoweza kuzionyesha.

Katika wilaya za Kiteto na Longido nchini Tanzania ilitumika mbinu nyingine inayowapa wakulima takwimu halisi za mvua za miaka mingi kutoka kituo kilicho karibu, ili wao wenyewe wahesabu ni katika misimu mingapi kati ya kumi zao la siku 120 lingekomaa na zao la siku 90 lingekomaa. Kazi hiyo hufanyika kwa vikundi, na bwana shamba au bibi shamba huongoza bila kuamuru. Mkulima aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono wake huelewa maana ya uwezekano, na huacha kuuona utabiri kuwa ahadi iliyovunjwa.

Mbegu na mashamba darasa

Mahindi hushindwa na ukame hasa wakati wa kuchanua. Mmea unapokosa maji, mbelewele iliyo juu humwaga chavua kwa wakati wake, lakini nywele za gunzi zinazotakiwa kuipokea huchelewa kutoka, na gunzi hubaki na punje chache. Watafiti walipotambua kwamba pengo hilo la siku linaweza kupunguzwa kwa uteuzi wa kizazi baada ya kizazi, walipata kigezo cha kuzalisha mbegu zinazostahimili ukame, na mradi uliofanyika katika nchi 13 za Afrika kuanzia miaka ya 2000 hadi 2015 ulitoa zaidi ya aina 200 za mahindi ya namna hiyo. Mafanikio hayo ya maabara hayajafika kila shamba, kwa kuwa mbegu bora huuzwa mbali, huchelewa, wakati mwingine huwa bandia, na aina iliyochaguliwa kwa wingi wa mavuno pekee huweza kukataliwa kwa sababu unga wake si mzuri kwa ugali au punje zake hushambuliwa upesi na dumuzi ghalani.

Shamba darasa hutatua sehemu ya tatizo hili. Katika shamba hilo kikundi cha wakulima hupanda aina kadhaa bega kwa bega, huzipima kwa vigezo vyao pamoja na vya mtafiti, na huchagua. Tanzania pia inaruhusu vikundi vya wakulima waliofunzwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo hukaguliwa chini ya taratibu za Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, na kuuzwa kwa majirani kwa bei nafuu. Utaratibu huu unafaa zaidi kwa mtama, uwele, kunde, choroko na njugu mawe, ambazo makampuni makubwa huziona hazina faida, ingawa ndizo zinazofaa zaidi katika maeneo makavu.

Mtama wenyewe unaonyesha kwa nini uamuzi wa mkulima mmoja hautoshi. Aina ya Macia hukomaa mapema, huokoka ukame wa mwisho wa msimu na hutoa punje nyeupe zinazofaa ugali, lakini mkulima akiipanda peke yake katikati ya kijiji cha mahindi, shamba lake linakuwa chakula pekee kilichoiva kwa ajili ya kwelea kwelea wote wa bonde hilo. Kijiji kikipanda pamoja na kuvuna pamoja hasara hugawanyika na kuwa ndogo kwa kila mmoja, na ulinzi wa zamu huwezekana. Ushauri wa kitaalamu usiotaja jambo hili, hata uwe umetoka katika kituo bora cha utafiti, humwingiza mkulima hasarani na kumfanya arudi kwenye mahindi.

Mipaka ya ushirikiano

Itakuwa makosa kuisifu jamii ya wenyeji kana kwamba ina sauti moja. Shinyanga kwenyewe, kaya zenye ardhi kubwa ndizo zilizoweza kufunga ngitili zao binafsi, na maskini wasio na ardhi ya ziada walibaki wakitegemea ngitili za kijiji, ambazo ndizo ngumu zaidi kuzilinda. Wanawake hubeba kazi nyingi ya kilimo na ndio wajuzi wa kuchagua mbegu, lakini mabaraza ya kimila mara nyingi ni ya wanaume. Wafugaji wanaohama huonekana wageni katika mipango ya vijiji vya wakulima, na pale ambapo njia zao za mifugo na maji zimefungwa bila mazungumzo, matokeo yamekuwa ya umwagaji damu, kama ilivyotokea Kilosa mwezi Desemba 2000. Ushirikiano unaomwacha nje mmoja wa watumiaji wa ardhi huhamisha tatizo, kama amri ya Kondoa ilivyohamisha mifugo.

Sheria inaweza kusaidia hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa serikali ya kijiji nchini Tanzania mamlaka ya kusimamia ardhi yake, na mpango wa matumizi bora ya ardhi ukitengenezwa kwa vijiji kadhaa kwa pamoja huweza kulinda njia za mifugo, vyanzo vya maji na mashamba kwa wakati mmoja. Nchini Kenya, kaunti ya Isiolo ilikuwa ya kwanza kujaribu mfuko wa tabianchi ambao kamati za kata ndizo zinazochagua miradi, na miongoni mwa yaliyochaguliwa ni kuiimarisha dedha, baraza la wazee wa Kiborana linalosimamia malisho ya masika na ya kiangazi. Jaribio hilo liliigwa na kaunti nyingine, kisha likawa msingi wa mpango wa kitaifa.

Fedha za dharura nazo zinahitaji sayansi na uaminifu kwa pamoja. Bima ya fahirisi, iliyoanza kwa wafugaji wa Marsabit nchini Kenya mwaka 2010, haichunguzi ng'ombe aliyekufa. Hutumia picha za satelaiti kupima ukijani wa malisho, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa wote wa eneo hilo hulipwa. Njia hiyo ni ya haraka na nafuu, lakini satelaiti huweza kuona kijani mahali ambapo mfugaji anaona vichaka visivyolika, na aliyelipia bima akapata hasara bila fidia hatajiunga tena. Ndiyo maana vipimo hivyo vinapaswa kusahihishwa kwa kushirikiana na wafugaji wenyewe, na bima ichukuliwe kuwa nyongeza ya akiba, malisho na maji, wala isiwe mbadala wake.

Zaidi ya hayo, kuhimili kuna kikomo. Joto likiendelea kupanda, yatakuwepo maeneo ambayo mahindi hayatastawi kwa mbegu yoyote, na hakuna tuta wala baraza litakalobadilisha ukweli huo. Uwezo wa wenyeji kwa hiyo hauondoi wajibu wa nchi zilizochafua anga kwa muda mrefu wa kupunguza gesijoto na kulipia gharama ambazo wakulima wa Afrika Mashariki hawakuzisababisha.

Hitimisho

Ushahidi wa Uluguru, Kondoa, Shinyanga, Ukambani, Bunyore na Isiolo unaelekea upande mmoja. Mahali ambapo wakulima walipewa mamlaka ya kuamua, hakika ya ardhi yao na soko la jasho lao, wamepokea sayansi kwa mikono miwili na kuiboresha, na mahali ambapo walipewa amri wameikataa au wameivumilia hadi mradi ulipofungwa. Serikali zinazotaka maeneo yao ya kilimo yahimili miongo ijayo zinapaswa kuwa na maafisa ugani wa kutosha na kuwapima kwa kile wanachojifunza kwa wakulima pamoja na kile wanachofundisha, kuongeza vituo vya kupimia mvua hadi ngazi ya kata, kuzitambua kisheria taratibu kama ngitili, ndiva na dedha huku zikihakikisha wanawake, maskini na wafugaji wana sauti ndani yake, na kuzipeleka fedha za tabianchi katika kamati za vijiji na kata kwa vipindi virefu kuliko muda wa mradi mmoja wa wafadhili. HASHI ilichukua miaka 18 kuirejesha ardhi iliyoharibiwa kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna kazi ya maana ya kuhimili itakayokamilika kwa muda mfupi kuliko huo. Vijiji vinavyoanza sasa ndivyo vitakavyokuwa na malisho, maji na mbegu ukame mkubwa ujao utakapofika.